Filta ya tangi la samaki lenye mimea: nunua ile inayojiwasha yenyewe umeme ukirudi

Jumapili moja usiku umeme ulikatika saa tatu, tukiwa mezani. Ulirudi saa nane. Nilijua umerudi kwa sababu feni ilinipulizia usoni na friji ikaanza kunguruma, nikageukia upande wa pili nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa. Asubuhi nikakuta neon, wale samaki wadogo, kumi na mmoja wanaelea, wawili waliobaki wanatweta juu ya maji, na filta inalia mmmm kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Nikaigusa: ya moto. Masaa manne ilikuwa inazunguka kavu, bila tone la maji ndani yake.

Filta hiyo nilikuwa nimeinunua wiki sita kabla kwa shilingi 95,000, ile ya kuning'iniza nyuma ya tangi, boksi limeandikwa kwa herufi kubwa lita 800 kwa saa. Niliporudi nayo dukani, kijana aliigeuzageuza, akaninusisha harufu ya mota iliyoungua kana kwamba mimi sikuisikia, akasema, "Dada, hapa shida siyo filta. Ni umeme wenu."

Jibu hilo nimekaa nalo miezi kadhaa, kwa sababu alisema kweli. Sasa kama filta haiuwezi umeme wetu, inauzwa Dar es Salaam kwa ajili ya nani?

Kwa hiyo mwongozo huu una kipimo kimoja. Sitakuambia ipi ina kelele kidogo au ipi inapendeza ukiiweka sebuleni. Lita kwa saa? Zidisha lita za tangi lako mara nne au tano, umemaliza. Na ile namba ya kwenye boksi kwa kawaida hupatikana pampu ikiwa tupu, bila sponji ndani wala mpira mrefu wa kupandisha maji, kwa hiyo ipunguze kichwani mwako kabla hujaiamini. Hita usinunue. Maji ya tangi langu hapa yanacheza nyuzi 28 mpaka 30 bila msaada wa mtu yeyote.

Ninachouliza ni hiki tu: umeme ukikatika halafu ukarudi wewe umelala, filta itaanza tena?

Filta ya kuning'iniza huvuta maji kwa bomba, huyapandisha hadi kwenye kiboksi kilicho nje ya tangi, yanapita kwenye sponji, yanamwagika kurudi ndani. Kwa nyingi za bei ya chini, kile kipangaboi cha sumaku kinachosukuma maji kimewekwa juu, usawa wa kiboksi. Umeme ukikatika, maji yaliyokuwa kwenye bomba yanashuka kurudi tangini na hewa inachukua nafasi. Umeme ukirudi, kipangaboi kinapiga hewa, na kwa hewa hakina nguvu ya kuyanyanyua maji tena. Maji hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yanaipoza mota na kulainisha mhimili. Bila maji, inajichemsha.

Joto letu linaongeza ubaya. Tangi langu halina kifuniko, na kila baada ya siku tatu nne maji yanakuwa yamepungua kidole kizima. Kila kidole kinachopungua kinamwongezea kipangaboi mlima wa kupanda. Filta iliyojiwasha vizuri Jumatatu maji yakiwa pomoni, Ijumaa inaweza kushindwa.

Halafu kuna uchafu. Binamu yangu wa Tanga filta yake ilienda miezi mitano bila kuguswa, akawa ananitambia. Siku umeme ulipokatika dakika kumi tu, haikuwaka tena. Alipoifungua alikuta ute na chembe mbili za mchanga zimekaa kwenye mhimili. Kikiwa kwenye mwendo, kipangaboi kilikuwa kinazivumilia. Kiliposimama, zikakikaba. Kwa hiyo isafishe kila mwezi, hasa hicho kipangaboi chenyewe. Sponji isuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, siyo ya bomba, maana klorini inaua bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na bila hao tangi lako ni ndoo ya mkojo wenye taa.

Wenye mimea tuna msiba wetu wa ziada. Mchana mmea unatupa oksijeni. Usiku taa ikizimwa, unapumua kama sisi, unaila. Na maji ya moto hubeba hewa kidogo: kwenye nyuzi 25 maji yasiyo na chumvi hushika miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita, kwenye 30 yanashuka hadi kama 7.6. Kwa hiyo mtu mwenye tangi la mimea linalopendeza, lililojaa Vallisneria mpaka juu, ndiye anayeingia kwenye giza la usiku akiwa na akiba ndogo kuliko jirani yake mwenye changarawe na kasri la plastiki. Hili hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia.

Gourami wangu wawili hawakufa usiku ule. Wao wana kiungo cha kuvutia hewa juu ya maji, kama kambare wetu anavyomaliza kiangazi kwenye tope. Neon hana kitu hicho, na tena ni samaki wa maji yenye ubaridi kidogo kuliko haya yetu. Kosa hilo nalibeba mimi, simtwishi mtu.

Sasa jaribio. Ukienda dukani omba ndoo ya maji na soketi. Filta iwashwe ifanye kazi dakika mbili. Zima ukutani, hesabu dakika tano, washa. Usiiguse wala usiiongezee maji kwa kikombe. Muuzaji atataka sana kuiongezea kwa kikombe. Kisha punguza maji ya ndoo vidole viwili urudie. Ikianza mara zote, toa hela. Ikikohoa na kubaki inalia, mrudishie. Nimeomba kufanya hivi kwenye maduka manne, na mawili walinikatalia kabisa, mmoja akisema bidhaa ikiloa hataiuza tena kama mpya. Filta. Ikiloa.

Ya kwanza: Eheim Classic 250

Mimi ni mtu wa Eheim na sitajifanya hakimu. Hawa ni Wajerumani, wapo tangu 1949, na hii Classic ni kopo la kijani lenye mipira miwili ya kupitishia maji, unaliweka chini ndani ya kabati. Kwa sababu lipo chini ya usawa wa tangi na limefungwa, umeme ukikatika maji hayana pa kwenda. Mipira inabaki imejaa, kopo limejaa, kipangaboi kimezama. Umeme ukirudi, linaanza kama vile halikusikia kilichotokea. Mhimili wake ni wa kauri. Pampu inasukuma lita 440 kwa saa, na ndiyo, ni karibu nusu ya namba ya lile boksi la 95,000. Tangi langu la lita 120 halijawahi kulalamika. Inakula wati 8, sawa na uniti 6 hivi za luku kwa mwezi.

Yangu niliipata kwa familia iliyokuwa inahama Mikocheni na kuuza vitu vya ndani. Mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka, nikabadilisha, basi.

Maudhi yake nayajua. Haina kitufe cha kuvutia maji mara ya kwanza, unavuta kwa mdomo, na maji ya samaki nimeshayanywa mara tatu. Klipu za kifuniko zinataka vidole vya fundi baiskeli. Lililo zito zaidi ni hili: kopo likikaa limezima masaa mengi, bakteria walio ndani wanamaliza oksijeni, maji yanavunda humo, na umeme ukirudi yote hayo yanamwagwa tangini. Ndiyo, ile sifa ya kujiwasha yenyewe inageuka. Giza la saa moja mbili halina neno. Nikiona limepita masaa manne, nachomoa plagi, na asubuhi namwaga maji ya kopo kabla ya kuwasha. Tangi lenye samaki wachache na mimea mingi halifiki huko haraka. Bado naiweka ya kwanza, na atakayebisha abishe.

Ya pili: Seachem Tidal 55

Kama huna kabati la kufichia kopo, au hutaki kunywa maji ya tangi, hii ndiyo filta pekee ya kuning'iniza ninayoiruhusu nyumbani kwangu. Seachem ni Wamarekani lakini inatengenezwa Italia na Sicce. Wamefanya jambo ambalo ukiliona unajiuliza kwa nini wengine hawakufanya: pampu wameishusha chini, inazama ndani ya tangi lenyewe, inasukuma maji juu badala ya kuyavuta. Maji yakishuka bomba, pampu bado imo majini. Umeme ukirudi, inapanda. Ina mdomo wa juu unaofyonza ule utando wa mafuta unaotanda juu ya maji, na kuuondoa husaidia hewa kuingia.

Kwa tangi la lita 120 nguvu yake ni nyingi, ipunguze, la sivyo mimea mirefu italala upande mmoja kama minazi ya ufukweni. Na soma kibandiko cha umeme kabla ya kulipa, nitarudi hapo.

Zilizobaki

Filta za ndani za Kichina, za kuzamisha, majina yapo mengi: Sobo, Resun, Boyu, Xilong. Zinazama zote, kwa hiyo zinajiwasha. Zinachukua nafasi, vikombe vyao vya kunata vinakakamaa na filta inaanguka juu ya mimea. Kwa tangi dogo, sawa.

Sponji na pampu ya hewa: najua mtaniambia ndiyo suluhisho lenyewe na ni bei ya chakula cha mchana. Haina kipangaboi majini, haina cha kuungua. Haya. Ila weka pampu juu ya usawa wa maji au nunua valvu ya njia moja, vinginevyo umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa ule mpira mwembamba hadi ndani ya pampu, na kutoka hapo hadi kwenye soketi. Mimi ninayo moja pembeni, ya pampu inayojichaji ukutani na kujiwasha umeme ukikatika. Ndiyo inayonipa usingizi. Lakini kuitazama siwezi.

Zile za kuning'iniza zisizo na jina, ruka.

Sasa nitoe la moyoni. Wauzaji wa mtandaoni, bei mnaificha ya nini? "Bei njoo inbox." Nikija inbox: "Upo wapi dada?" Nikisema Mbezi, bei moja. Rafiki yangu akisema Masaki, bei nyingine, filta ileile, picha ileile, hata kivuli cha kidole cha mpiga picha ni kilekile. Nimeulizwa na mmoja kama tangi ni la ofisini au la nyumbani. Mmea mmoja wa Anubias, majani matano, nilitajiwa bei ya kuku wawili kwa maelezo kwamba "umetoka Singapore." Anubias asili yake ni Afrika Magharibi na Kati. Umezunguka dunia kuja kunilia hela.

Na hili la kibandiko. Wengi tukiona bei za hapa tunamwagiza shangazi Marekani. Filta ya kule imetengenezewa volti 120. Ya kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja, kuungua ni suala la muda mfupi sana. Ukinunua na transfoma, volti zitakaa sawa ila mizunguko ya umeme inabaki 50 badala ya 60, na kipangaboi cha sumaku kinafuata mizunguko hiyo, kwa hiyo kitazunguka taratibu kuliko ilivyoandikwa. Mwenye ndugu Ujerumani au Uingereza amwagize huyo. Na wapo wauzaji hapahapa wanaoleta za volti 120 kwenye makontena, wanabandika adapta ya pini tatu juu yake, wanaziita "original". Geuza filta, soma chini.

Juzi nilipita tena kwenye lile duka. Filta ileile ipo kwenye rafu, imefika 110,000. Nikamsalimia kijana, nikamwomba ndoo ya maji.

"Dada," akasema, "leo maji hayajatoka."