Kompakti za poda za zamani: Stratton, Kigu, Elgin na Volupté, ipi ya kubeba na ipi ya kuweka kabatini

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengine mtasoma mistari miwili mkimbie. Kama unataka kompakti ya zamani ya kutumia, yani ya kukaa kwenye pochi na kutoka nayo kazini au harusini, tafuta Stratton ya miaka ya 50, umemaliza. Kama unataka ya kuweka kwenye kabati la vioo wageni wakija waulize hii nini tena, hapo ndo tunaanza kuongea habari za Kigu, Volupté, Elgin na wenzao. Watu wanachanganya haya mambo mawili, mtu ananunua pambo halafu anataka limfanyie kazi, poda inamwagika pochi nzima mpaka simu na kitambulisho vimepakwa mekapu, anaanza kusema vitu vya zamani takataka.

Kwa ambao hamjawahi kuishika, naongelea vile vikasha vya chuma vya kina mama, ndani kuna kioo, chini yake chumba cha poda, wavu mwembamba wa kuichuja na kipafu cha kujipakia. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia mwanamke wa Ulaya akionekana anajipaka hadharani anasemwa vibaya, lakini ilipofika miaka ya 20 mabinti wamekata nywele, sketi zimepanda, na poda inapakwa palepale mezani mgahawani watu wote wanaona. Sasa kitu kikishakuwa cha kuonekana na watu lazima kiwe kizuri, si ndio? Ndo viwanda vya vito, vya kasha za saa na vya sigara vikaona biashara. Miaka ya 30 zikaja zile pana za duara, bapa kama chapati, na zingine zina poda huku, lipstiki kule, na upande wa pili sigara, mtu anatembea na maisha yake yote kwenye kiganja.

Haya, Stratton. Hawa ni watu wa Birmingham, Uingereza, kampuni ya familia ya Laughton, na Birmingham wenyewe ni mji wa vitu vidogo vya chuma toka zamani, vifungo, pini, nibu za kalamu, kwahiyo mkono wa kazi ulikuwepo tayari. Mimi naishi huku huku Midlands na Stratton zipo kila kona, maduka ya chariti, minada ya wikiendi watu wanauza vitu kwenye buti za magari, kwenye droo za marehemu bibi wa mtu. Na ubora wake uko kwenye kitu kimoja ambacho kwenye picha hukioni, kifuniko cha ndani. Kompakti nyingi za poda laini zina kifuniko cha pili cha kuzuia poda isipande kwenye kioo, na ili ukifungue unatia ukucha kwenye kilimi kidogo unakikwanyua. Umetoka saluni, umelipa hela, ukucha kwaheri. Mwaka 1948 Stratton wakaja na kifuniko kinachojifungua chenyewe, ukiinua cha nje cha ndani nacho kinanyanyuka, hugusi kitu. Yani walimfikiria mwanamke mwenye kucha zake zimepakwa rangi, mkono mmoja kashika pochi, ana sekunde chache za kujitazama kabla hajaingia ukumbini. Kuna wabunifu wa leo hawajafikiria hivyo na wana kompyuta.

Yangu ni Rondette, ile ndogo ya duara, juu enameli, ile rangi ngumu inayong'aa kama kioo, ya bluu ina maua, mgongoni imechongwa mistari myembamba ya mashine inatoka katikati kwenda pembeni, ukiigeuza kwenye mwanga mistari inacheza. Ukiifungua kuna kamlio kadogo ka chuma, tk, halafu kifuniko cha ndani kinapanda taratibu. Ukifunga unarudisha cha ndani kwanza kwa kidole ndo unafunga cha nje, usibamize. Ikikaa mkononi unasikia uzito, sio huu wepesi wa plastiki wa kompakti za sasa ambazo bawaba inakatika poda haijafika hata nusu. Hii ina umri wa kumzidi mama yangu na bado inafunga vizuri.

Mapungufu yapo, sitawadanganya. Rangi ya dhahabu ni mpako tu juu ya shaba, na pale kidole gumba kinapogusa kila siku inafutika, unaanza kuona chuma chenyewe. Spring ya kifuniko cha ndani ikizeeka kinakuwa mvivu, kinanyanyuka nusu kinaishia hapo. Na michoro mingine, samahanini wenye kuipenda, ile ya mabwana wa mawigi na mabibi wa magauni mapana wanainamiana bustanini, mi inanichosha. Chukua ya maua, ya ndege au ile iliyo na mistari ya mashine tupu, hiyo haipitwi na wakati hata mwaka gani. Stratton nawapa 9 kati ya 10 na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya mawigi.

Kigu ni London, familia ya Kiashek, asili yao Hungaria. Hawa ndo wasanii. Kuna moja ya mwanzoni mwa miaka ya 50, enzi ambazo watu walikuwa wanaona visahani vya angani kila usiku, wakatengeneza kompakti ya mviringo kama sayari yenye pete yake, bluu iliyojaa nyota. Nimeishika moja kwenye meza ya muuzaji, nikaizungusha, nikaulizia bei, nikairudisha taratibu kwa mikono miwili. Nzuri kupita maelezo. Lakini sasa kitu cha duara namna hiyo kwenye pochi kinakaaje? Kinaviringika, kinajaza nafasi, na poda ndani yake inaelemea upande. Kigu walitengeneza pia za umbo la moyo, na zingine zina muziki, ukifungua inapiga wimbo. Hebu fikiria upo msibani unataka tu kuangalia macho kama wanja umeshuka, unafungua, muziki huo. Ila zile za kawaida za Kigu, za duara bapa zenye enameli, zinashindana na Stratton bila wasiwasi, na kioo chake naona kinakaa safi zaidi, ingawa hapo inategemea na aliyeitunza. Kwa uzuri 10, kwa matumizi 7.

Wamarekani sasa. Elgin American wao walikuwa Elgin, Illinois, na wametoka kwenye kazi ya kutengeneza kasha za saa, hiyo unaiona kabisa maana zinafunga kwa usahihi kama saa ya mfukoni na michongo yao iko makini. Hizi bado unazipata kwa bei ya kawaida. Halafu kuna ile waliyochorewa na Salvador Dalí, yule mchoraji wa saa zinazoyeyuka, mwanzoni mwa miaka ya 50. Ni ndege. Kichwa cha ndege kimeficha lipstiki, mwilini kuna nafasi ya poda na ya vidonge. Hiyo ni ya minadani, sio ya sisi, lakini naitaja kwasababu inaonyesha biashara ilikuwa imefika wapi, kwamba kampuni inamwita Dalí amchoree dada wa ofisini kikopo cha poda.

Volupté ndo vichekesho vya hali ya juu na nasema hivyo kwa mapenzi. Miaka ya 40 walitoa kompakti yenye umbo la mkono, mkono wa mwanamke kabisa, vidole vimenyooka, zingine zimevalishwa glovu ya lesi, zingine zina pete na kucha nyekundu. Kwahiyo unashika mkono kwenye mkono. Mwingine akiiona anaogopa, mi naipenda mpaka basi. Pia wana moja kama dressing table ndogo, miguu yake inakunjuka, unaisimamisha mezani. Kwa kazi za kila siku usijisumbue, vidole vinakwaruza kila kitu kwenye pochi na enameli ya kucha inabanduka. Matumizi 4, burudani 10.

Za vito kina Cartier na Van Cleef & Arpels naziruka, maana anayezinunua hasomi rivyu yangu.

Kitu kimoja cha kuangalia, ukikutana na kompakti ya plastiki, mbao au karatasi ngumu ya miaka ya mwanzo ya 40 usidhani ni feki. Vita vya pili vilikula chuma chote, shaba ilienda kwenye risasi, viwanda vikageukia kilichopo. Marekani kukawa na za plastiki zenye umbo la kofia ya afisa wa jeshi, wanaume wanawanunulia wapenzi wao kabla ya kuondoka. Nyingi zimepasuka ndo maana iliyo nzima ina bei.

Na kilichoua hii biashara sio vita, ni poda iliyogandamizwa. Max Factor walipotoa Creme Puff mwaka 1953, poda na foundesheni pamoja kwenye kikasha chake chepesi, nani tena atakaa kuchota poda laini kwa kijiko kuimimina chini ya wavu? Ikiisha unatupa unanunua nyingine. Stratton walihangaika, wakatoa zinazoweza kubeba poda ya aina zote mbili, na kama unanunua ya kutumia basi hiyo ya aina mbili ndo ya kuitafuta kwanza, unaweza kutia kidonge cha poda cha sasa kikienea.

Suala la poda yenyewe wadada, maana kompakti nyingi utazikuta bado na mabaki ya poda ya mwenyewe wa zamani. Itoe yote. Kwanza ni uchafu wa mtu, pili rangi zake zilikuwa za ngozi nyeupe, utaona imeandikwa Rachel au Naturelle, zote hizo ukijipaka unatoka na majivu usoni. Sio kwamba hapakuwa na waliotufikiria, Anthony Overton, mtu aliyezaliwa mtumwa Louisiana, alianzisha kampuni yake mwaka 1898 na poda yake ya High-Brown ilikuwa ya wanawake weusi, baadae akahamia Chicago akawa tajiri mkubwa. Na mwaka 1973 Eunice Johnson akaja na Fashion Fair, zile kompakti za pinki ambazo mama na mashangazi wengi waliokuwa Marekani wanazikumbuka. Kwahiyo ganda la Birmingham, poda ya rangi yako, chekecha kwanza isiwe na mabonge, usijaze mpaka juu, robo tatu inatosha, ukijaza wavu haukai na hapo ndo pochi inageuka unga.

Kusafisha: usiitumbukize kwenye maji hata kama muuzaji wa shaba nyumbani kwenu alifanya hivyo. Maji yanaingia nyuma ya kioo, unapata madoa meusi ambayo hayatoki milele. Mswaki mkavu laini kwenye bawaba, pamba ya masikio kwenye pembe, kitambaa chenye unyevu kidogo nje, kausha hapohapo. Na dawa za kung'arisha shaba weka mbali kabisa, zinakwangua ule mpako wa dhahabu, unabaki na kitasa cha mlango.

Kununua mtandaoni niwape onyo. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, aliniandikia "hali nzuri sana", ikaja kioo kina ufa kutoka pembe mpaka pembe, nikamuuliza akasema alimaanisha nje. Nje! Toka hapo naomba picha ya ikiwa wazi, kioo kimeelekezwa dirishani, picha ya bawaba kwa karibu, na picha ya ndani jina la kampuni lisomeke. Kama ni Stratton namwambia anipigie kavideo anafungua nione kifuniko cha ndani kinanyanyuka. Akikataa naachana naye, maana Stratton zipo nyingi mno mtu kukufanyia jeuri. Bei ya haki kwa ya kawaida iliyo safi huku ni pauni kumi na kitu mpaka kama thelathini, ikiwa na kifuko chake na boksi panda kidogo. Akikutajia mia kwa ajili ya mawigi ya bustanini mpe pole.

Zawadi ya kitchen party mnaiona hapa? Tia na jina la bibi harusi, fundi wa vito anachonga mgongoni, wenzako wote wameleta hotpot. Na mwenye ile Kigu ya sayari anayeiuza kwa bei ya kibinadamu, ani-inbox, hata kama pete yake imepinda.