Siku tisa na krosova ya safu tatu: watu sita, mabegi, na kilomita 1,840

Gari letu dogo limetutosha tangu tulipooana, lakini mwaka huu hesabu imekataa. Mama amehamia kwetu. Kitindamimba ana mwaka mmoja na miezi minne, na kifungua mimba wetu mwenye miaka 14 ameshanipita urefu. Tuko sita. Nilimwambia mume wangu kwamba kabla ya kuuza gari tulilonalo, tukodi krosova ya saizi ya kati, lile gari la familia lililoinuka, tusafiri nayo likizo nzima tukiwa wote, halafu ndipo tuzungumze habari ya kununua.

Tuliyopewa ilikuwa na umri wa miaka mitatu, injini ya petroli ya lita 2.5 yenye silinda nne, gia nane za kujibadilisha, viti saba katika safu tatu. Sitaji kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu mengi nitakayoyasema utayakuta kwenye karibu kila gari la umbo hili. Nilikuwa nimeshaijaribu krosova mara mbili kwa wauzaji, dakika kumi kila mara, peke yangu na muuzaji pembeni, na mara zote mbili nilitoka nikiwa nimeridhika. Siku tisa hizi zimenionyesha kwamba sikuwa nimejaribu kitu.

Nianze na viti, maana huko ndiko tulikohangaika zaidi.

Safu ya pili ya gari hili imegawanyika vipande viwili, na kila upande una lachi ya kusogeza kiti mbele ili mtu apite kwenda safu ya tatu. Ukiwa na gari tupu, ni kazi ya sekunde tatu na inapendeza. Ukishafunga kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma, kwa zile ndoano za ISOFIX zinazokikaza kwenye kiti cha gari, upande ule umefungwa. Huwezi kukisogeza bila kukifungua chote. Basi njia ya kwenda nyuma inabaki moja tu, na kwenye njia hiyo alikuwa amekaa Mama, mwenye umri wa miaka 71 na goti linalomsumbua. Kila tuliposimama, binti yetu wa miaka tisa alipotaka kushuka chooni, ilibidi bibi yake atangulie kushuka, asimame pembeni akishikilia mlango, kisha apande tena. Siku ya kwanza alifanya hivyo mara tano. Jioni aliniambia, "Mwanangu, gari ni zuri, ila mimi siwezi kuwa bawaba ya mlango."

Siku ya pili tulipanga upya. Mama alikaa mbele karibu nami, mume wangu akahamia nyuma dirishani, kijana wetu katikati, mtoto upande wake ule ule. Hapo ndipo nilipoona uzuri ambao hakuna muuzaji aliyenionyesha: kiti cha mbele cha krosova kiko usawa wa nyonga za mtu mzima. Kwenye gari letu dogo Mama hulazimika kujishusha hadi chini na kutoka kwa kujivuta. Hapa aliegemea, akageuka, akaingiza miguu, basi. Kwa familia yenye mzee wa magoti, jambo hilo peke yake lina uzito kuliko skrini zote za dashibodi. Kilichobaki ni kwamba kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hula nafasi ya anayekaa mbele yake, kwa hiyo mpangeni nyuma ya mtu mwenye miguu mifupi. Kwetu mtu huyo ni mimi, na nimeendesha kilomita zote hizo nikiwa karibu na usukani kuliko ninavyopenda.

Safu ya tatu ni ya mtoto. Kijana wetu, mwenye urefu wa sentimita 170, alikaa kule saa moja na nusu akiwa magoti yameinuka karibu na kifua, kwa sababu sakafu iko juu na kiti kiko chini. Binti alienea vizuri, lakini siku ya milima alitapika. Nimelifikiria sana hilo. Mtu wa safu ya tatu amekaa juu ya ekseli ya nyuma, kila tuta linampandisha na kumshusha kuliko walio katikati, dirisha lake ni dogo, na mbele yake kuna mgongo wa kiti, haoni barabara. Ukimwongezea kibao cha kuangalia katuni magotini, macho yanasema ametulia huku sikio la ndani likisema anayumba. Tulimnyang'anya kibao kwenye kona, tukafungua tundu la kiyoyozi lililo darini juu yake, ambalo lilikuwa limefungwa tangu tulipokabidhiwa gari, na tukamwekea mto wa kumwinua kidogo aweze kuona mbele kati ya viti. Hakutapika tena.

Sasa buti. Ukiinua viti vyote vya safu ya tatu, kinachobaki nyuma ni nafasi ya mabegi mawili ya ukubwa wa kati yakiwa yamesimama, na kigari cha mtoto hakiingii. Gari la viti saba halichukui watu saba na mizigo yao. Ukweli huu ningependa kuuona umeandikwa kwenye kila tangazo. Sisi tulilaza nusu ya safu ya tatu, binti akakaa kwenye nusu iliyobaki, mabegi yakalala kando yake. Tuliyabana kwa wavu na kamba, mazito chini, kwa sababu begi lililo usawa wa kichwa cha mtoto huwa hatari dereva anapokanyaga breki ghafla.

Mume wangu alitaka tuongeze sanduku la juu ya paa. Nilifungua kitabu cha gari: paa hili lina kikomo cha kilo 75, na hizo ni pamoja na uzito wa sanduku lenyewe na vyuma vyake. Tukaacha. Nilifanya pia hesabu ambayo nawaomba wenzangu waifanye. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa gari hili kuna kibandiko kinachosema uzito wote wa watu na mizigo usizidi kilo ngapi. Chetu kilisema 610. Sisi sita, pamoja na kiti cha mtoto, tulifika kilo 335, na mizigo tuliyoipima begi kwa begi ilikuwa 140. Tulikuwa na salio la kilo 135. Weka watu wazima saba wa kilo 80 kila mmoja kwenye gari hilo hilo, wameshakula kilo 560 kabla ya begi la kwanza kuingia.

Kibandiko hicho hicho kina mistari miwili ya upepo wa matairi, mmoja wa gari jepesi na mwingine wa gari lililojaa. Matairi ya nyuma yalitakiwa kuwa na psi 36 kwa mzigo wetu. Tulikabidhiwa yakiwa na 31. Gari lilikuwa likiyumba nyuma kama limechoka, nikadhani ndiyo tabia yake, kumbe ni upepo. Baada ya kujaza, lilitulia kiasi kwamba hata Mama aliuliza kama barabara imebadilika.

Jambo jingine lilinipata usiku wa kwanza. Magari yaliyokuja mbele yetu yalikuwa yakinimulika, moja baada ya jingine, na mimi nilikuwa nimewasha taa za chini. Mzigo ulikuwa umekalisha sehemu ya nyuma, pua ikainuka, na taa zikawa zinapiga machoni mwa watu. Kushoto kwa usukani kulikuwa na kigurudumu kidogo chenye namba 0 hadi 3. Nilikizungusha hadi 2, mwanga ukashuka barabarani, na kumulikwa kukaisha. Baadhi ya magari hujirekebisha yenyewe. Kama lako lina kigurudumu hicho, kitafute kabla giza halijaingia.

Barabarani, kwa ujumla, krosova hii ni tulivu. Mume wangu alikulia kwenye magari ya chesisi, yale ambayo bodi inakalishwa juu ya fremu kama lori, na alikuwa na wasiwasi kwamba hili ni gari dogo lililovishwa mabuti. Kwa maana fulani ndivyo lilivyo: bodi na chesisi ni kitu kimoja, kama gari dogo, na ndiyo sababu linashika kona bila kuinama sana na mtoto aliweza kulala saa mbili mfululizo. Kwa njia ya mawe na mashimo makubwa kila siku, ningemsikiliza mume wangu. Kwa lami na vipande vya changarawe, sikuona tulichokosa. Siku moja kwenye nyasi zilizolowa magurudumu ya mbele yaliteleza kidogo, klachi inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ikashika, tukatoka. Magurudumu manne husaidia kuondoka. Kusimama bado ni kazi ya breki na matairi.

Kwenye mteremko mrefu wa kilomita 14 nilitumia vile vibao vya gia nyuma ya usukani, nikaweka gia ya tatu na kuiacha injini ishike mzigo. Nilikanyaga breki mara chache na hakuna harufu yoyote ya kuungua tulipofika chini. Kupanda ndiko injini ya lita 2.5 ilikoonyesha kikomo chake. Ikiwa na watu sita inanguruma, inashuka gia mbili, na bado kulipita lori kunataka uvumilivu na sehemu ndefu iliyo wazi. Muuzaji aliponiambia nguvu zinatosha, alikuwa sahihi kwa watu wawili.

Mafuta: lita 176 kwa safari yote, yaani lita 9.6 kwa kila kilomita 100, nikihesabu kwa kujaza tangi hadi juu kila mara. Siku ya kwenda, kwa mwendo wa 120, zilikuwa 10.8. Kurudi, kwa 100, zilishuka hadi 8.7. Ukinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 100 kwenda 120 unaongezeka kwa asilimia 44, na gari refu lenye kifua kipana hulipa zaidi ya gari dogo. Tulichelewa kufika kwa muda mfupi tu.

Kifaa cha kushika mwendo kinachofuata gari la mbele kilinipumzisha sana mguu. Kile cha kushika mstari nilikizima mvua ilipoanza, kwa sababu mistari ilipopotea nacho kilipotea.

Siku ya sita, msumari. Tairi la nyuma, na mvua inanyesha. Spea ya gari hili imening'inia chini ya tumbo lake, na tundu la kuishushia liko sakafuni mwa buti, chini ya kila kitu. Jeki na spana viko huko huko. Tulishusha mabegi yote, tukayafunika kwa turubai, mtoto na Mama wakakaa mbali na barabara chini ya mwavuli. Dakika 50. Spea yenyewe ni lile tairi jembamba la muda, lisilotakiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa, na tairi lililotoboka ni pana mno kuingia mahali pake. Likabidi lipande butini, na tope lake, na begi mbili zikahamia miguuni mwa mume wangu hadi fundi wa kwanza. Wauzaji hawakosei wanaposema gari lina spea. Ulizeni iko wapi na ni ya aina gani.

Tumekubaliana tutanunua. Tutatafuta yenye viti viwili tu vilivyoachana kwenye safu ya pili, ili mtoto apite katikati bila kumsimamisha mtu. Hapo kijana wetu atahamia safu ya tatu, kwa hiyo sakafu ya huko iwe chini zaidi, au hatutalichukua. Injini iwe na nguvu kuliko hii, au iwe ya haibridi, yaani ya petroli na umeme pamoja. Jumamosi tunakwenda kuangalia moja. Nimempigia muuzaji kumwarifu kwamba tunakuja wote sita, na kiti cha mtoto, na mabegi yakiwa yamejaa.