Honda CR-Z Arusha: je, gari hili la milango miwili linafaa kwa matumizi ya kila siku?

Ndugu watazamaji, karibuni. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Honda CR-Z ya gia sita za mkono, na leo tunalipima kwa jambo moja tu: je, mtu anayeishi Arusha, anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, na anayeshuka Moshi mara kwa mara kwa shughuli zake, anaweza kulitegemea kama gari lake pekee? Jibu langu nalitoa mapema ili asiyetaka maelezo marefu asipoteze muda wake: anaweza, mradi njia inayoingia nyumbani kwake iwe ya lami au ya udongo uliosawazishwa vizuri. Aliye tayari kujua kwa nini, abaki nami.

Umbo lake sitalieleza sana, kwa kuwa mnaliona wenyewe. Pua fupi, paa linaloshuka kuelekea nyuma, mkia uliokatwa wima. Wanaoikumbuka Honda CR-X ya mwaka 1983 wataitambua nasaba mara moja. CR-Z iliingia sokoni Japani Februari 2010, na mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la nchi hiyo. Zaidi ya miaka 15 imepita, na bado ukiliegesha karibu na Mnara wa Saa watu hugeuka kulitazama. Mimi binafsi naliona zuri kuliko magari mengi mapya ya bei kubwa, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Sasa tuje kwenye kitu kilichonifanya nitengeneze video hii. Injini yake ni ya lita 1.5, ya ukoo uleule wa injini za Honda Fit, na haina tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Katikati ya injini na gia boksi imewekwa mota nyembamba ya umeme, ambayo, tofauti na ya Toyota Aqua au Prius, haiwezi kuliendesha gari peke yake. Kazi yake ni kuisaidia injini unapokanyaga mafuta, na kurudisha umeme kwenye betri unapoachia au unapofunga breki. Wakosoaji wengi wa Ulaya na Marekani waliidharau mota hii kwa sababu ina kilowati 10 tu, sawa na nguvu farasi zisizozidi 14. Mtu anayeendesha London anaweza kuwa na haki ya kuidharau. Sisi tuko Arusha, na Arusha hesabu inabadilika.

Mji wetu uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Injini hii iliyopimwa Japani kwa nguvu farasi 114 hufika kwetu ikiwa na chini ya 100, hata kama ni mpya na imefanyiwa sevisi. Mota ya umeme, kwa upande wake, haivuti hewa. Nguvu zake ni zilezile ukiwa Pangani au ukiwa kwenye mteremko wa Meru, na huzitoa tangu mizunguko ya chini kabisa, karibu 1,000 kwa dakika, mahali ambapo injini ndogo huwa haijaamka. Ndiyo maana nasema kwamba msaada unaoonekana mdogo kwenye karatasi ya Japani ni mkubwa zaidi katika kilima cha Arusha.

Twende barabarani niwaonyeshe. Tunatoka mjini kuelekea Moshi, tumepita Tengeru, na ninaomba mtazame geji hii yenye maandishi CHRG upande mmoja na ASST upande mwingine. Ninapoachia mafuta, mshale unahamia kwenye kuchaji. Nikigusa breki kidogo, unasogea zaidi, na vile vipande vinavyoonyesha chaji ya betri vinaanza kupanda. Kutoka Arusha hadi njia panda ya Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) tunashuka takribani mita 500, na njiani kuna vibao vya kilomita 50 kwa saa karibu kila penye makazi, ambapo kila dereva mwenye busara hupunguza mwendo kwa sababu ya watoto wa shule na kwa sababu ya askari wa tochi za kupima mwendo. Kwenye gari la kawaida, kila kupunguza mwendo ni petroli uliyoichoma ikageuka joto la breki. Humu, sehemu ya nguvu ile inarudi kwenye betri mbele ya macho yenu. Tazameni tena: kibao cha 50, naachia, geji inachaji, kibao cha mwisho wa makazi, nakanyaga nikiwa gia ya nne bila kushuka ya tatu, geji inahamia ASST, na gari linaondoka kwa utulivu ambao sikuutegemea kwa injini ya lita 1.5. Duara la dashibodi nalo linabadilika rangi, kijani ukiendesha kwa uangalifu na buluu ukiongeza pupa. Nimegundua kwamba rangi ile imenifundisha kuachia mafuta mapema kuliko nilivyozoea.

Hadi hapa ni sifa tupu. Safari ya kurudi ndiyo inayoonyesha mpaka wa mfumo huu, na nawaomba msiikimbize sehemu hii ya video.

Tumegeuza, tunapanda kutoka njia panda ya KIA kuelekea Usa River, tuko watu wawili na mizigo, kiyoyozi kinafanya kazi, na nimebonyeza kitufe cha Sport ambacho hufanya usukani uwe mzito, mafuta yaitike haraka na mota itoe msaada mwingi zaidi. Mwanzoni ni raha tupu. Kisha tazameni betri: kipande kimoja kimeondoka, cha pili kimeondoka, cha tatu kinafuata. Betri ya toleo hili la kwanza ni ya volti 100.8 na uwezo wa ampea-saa 5.75, yaani kilowati-saa 0.58 hivi. Mota ikiomba kilowati 10 kamili, akiba yote hiyo ni ya dakika tatu na nusu, na kompyuta ya gari haikubali kuimaliza yote ili isiiharibu. Kwa hiyo mpandaji mwenye pupa hufika penye mwinuko mkali akiwa amebaki na injini peke yake, tena injini iliyokwisha kupunguziwa nguvu na hewa nyepesi. Lori la saruji lililo mbele yako halitakusubiri, na wewe huna tena cha kulipitia.

Dawa yake ipo mkononi mwako, na hapo ndipo naishukuru gia ya mkono. Kwenye sehemu tambarare tumia Normal au Econ, weka akiba, kisha unapokaribia mwinuko shusha hadi gia ya tatu, iache injini izunguke zaidi ya 4,000, na msaada wa umeme uuhifadhi kwa ajili ya kulipita lori. Mwenye toleo la gia za kujiendesha za CVT hana uhuru huo kwa kiwango hichohicho. Lake ni rahisi zaidi katika foleni ya Sanawari, lakini kwenye kupanda kutoka Moshi mimi nisingebadilishana naye. Honda wenyewe bila shaka waliliona tatizo hili, kwa sababu mwaka 2012 walileta betri ya lithiamu ya volti 144, mota ya kilowati 15, na kitufe cha Plus Sport kwenye usukani kinachotoa msaada kamili kwa sekunde chache ukiwa na chaji ya kutosha. Kama unaagiza, tafuta namba ya chasisi inayoanza na ZF2. ZF1 ni ile ya kwanza. Wakati nikianza kuandaa video hii nilikuwa nikisema kwamba tofauti ya matoleo haya mawili ni ndogo; baada ya kupanda mwinuko huu namshauri mtu wa Arusha aongeze fedha achukue ZF2, hata kama atasubiri miezi kadhaa.

Kuhusu mafuta nitasema kwa ufupi. Vipimo vya serikali ya Marekani vililipa toleo la kwanza la gia za mkono wastani wa maili 34 kwa galoni, ambazo ni kama kilomita 14.5 kwa lita, na CVT maili 37, karibu kilomita 15.7. Tangi lake ni la lita 40. Ile kilomita 25 kwa lita iliyomo kwenye matangazo ya Kijapani ilitokana na kipimo cha zamani cha maabara, msiitumie kupangia bajeti. Kama unachotaka ni kupunguza petroli tu, hasa wakati huu ambapo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri bei mpya za EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, nunua Aqua. Aqua hutembea kwa umeme mtupu kwenye foleni ya Soko la Kilombero, na ina milango mitano. CR-Z huzima injini ukisimama ukaweka gia huru, ila kiyoyozi nacho huacha kupoza, jambo ambalo Julai ya Arusha hulisikii kabisa, lakini Februari ya Moshi mjini utalisikia usoni.

Sasa yanayoniudhi. La kwanza ni kioo cha nyuma. Kimegawanywa mara mbili kwa nguzo ya ulalo, na nguzo hiyo inakaa kwenye kioo cha ndani palepale ambapo pikipiki inayokufuata ingeonekana. Tazameni kwa kamera: bodaboda yuko nyuma yangu, sasa hayupo, sasa ametokea kushoto. Katika mji ambao bodaboda hupita pande zote mbili kwa wakati mmoja, hili ni suala la usalama, na ni lazima uzoee kutumia vioo vya pembeni kila sekunde chache. Naipenda sura ya mkia huu, lakini aliyeuchora hakuwahi kuingia Barabara ya Sokoine saa kumi na moja jioni.

La pili ni uvungu wake ulio chini. Matuta ya kawaida ya barabara kuu hupita ukiyaendea taratibu. Matuta yanayojengwa na wananchi wenyewe mitaani, yale membamba na marefu kwenda juu, utayapita kwa mshazari na kwa dua. Mitaa mingi ya ndani ya Moshono na Muriet bado ni ya udongo na mawe, na masika ya Machi hadi Mei huchimba makorongo ambayo Toyota IST huyavuka na CR-Z haiyavuki. Tairi zake za kiwandani, 195/55 za rimu 16, hazina nyama ya kutosha kumeza mawe hayo. Kuna wanaoinua gari kwa kuweka springi ndefu. Mimi siungi mkono, kwa sababu uthabiti wa gari hili kwenye kona ndiyo nusu ya sababu ya kulinunua.

Siti za nyuma zipo kwenye magari ya Japani, lakini ni za mikoba na mtoto mdogo. Mwenye watoto wawili wanaokwenda shule asijidanganye.

Tuje kwenye bei. Gharama ya kulinunua Japani itawavutia, kisha ushuru utawashangaza. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ni asilimia 18, ushuru wa bidhaa unafuata ukubwa wa injini, halafu kuna tozo ya uchakavu inayofuata umri wa gari, ambayo kwa gari dogo lililozidi miaka 10 ni asilimia 30. Mauzo ya CR-Z mpya Japani yalikoma mwanzoni mwa 2017, kwa hiyo hakuna CR-Z yoyote inayoikwepa tozo ya umri. Ingieni kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, TRA, wekeni mwaka na modeli, mjue jumla kabla ya kumtumia muuzaji fedha. Kuna watakaosema subiri Honda Prelude mpya ya haibridi iliyotoka Japani Septemba 2025. Ni gari ninalolitamani sana, lakini bei yake ya huko imevuka yeni milioni sita kabla ya kupanda meli.

Ukilikuta tayari liko nchini, lipime betri kabla ya kupima rangi. Endesha nusu saa yenye kupanda na kushuka ukitazama vipande vya chaji. Vikishuka taratibu na kupanda taratibu, endelea na mazungumzo. Vikiruka ghafla kutoka karibu kujaa hadi karibu kuisha, au taa ya IMA, yaani ya mfumo wa haibridi, ikiwaka, betri imechoka, na gharama yake ikatwe kwenye bei au uondoke. Lipimwe kwa kompyuta na fundi anayejua haibridi. Mwombe pia akague njia ya hewa ya kupozea betri, kwa kuwa betri iko nyuma chini ya sakafu ya buti na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Mtu aliyeendesha na vioo wazi kwenye vumbi la Kisongo amelilisha vumbi hilo betri yake.

Video ijayo nitalileta tena gari hili pamoja na Aqua, yote mawili yakiwa na tangi lililojaa, kutoka Moshi kupitia Himo hadi Marangu na kurudi, kisha tutajaza kwenye pampu ileile na kulinganisha lita. Niandikieni kama mnataka tupande na watu wawili au wanne. Kwa CR-Z, wanne maana yake ni kwamba wawili wawe watoto.