Mafunzo ya msongo wa kazi: ningelipia siku ya pili tu

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mwaka wa tisa huu, mkoani Morogoro. Mwezi uliopita tulipelekwa mafunzo ya siku mbili ya kukabiliana na msongo wa kazi. Waandaaji siwataji.

Siku ya kwanza ilikuwa ya projekta. Mwezeshaji kijana, suti kali, akatuasa tunywe maji, tufanye mazoezi, tulale saa nane. Mwenzangu wa Kilosa akadakia: "Mbona ndiyo tunayolala, saa nane usiku!" Ukumbi ukaangua kicheko, mwezeshaji akabaki anatutazama. Huyu hajawahi kuamshwa na Dawati la Jinsia la polisi: mtoto yuko kituoni, PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, imeshaandikwa, wa kumpeleka hospitali hayupo, na gari la halmashauri halina mafuta. Kukicha, Mahakama ya Watoto inasubiri taarifa yako ya uchunguzi wa kijamii, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 imekutwisha hiyo pia. Chai yenyewe ilifika saa tano, imepoa.

Siku ya pili, baada ya chakula, akaja mama mmoja mstaafu wa kazi hii hii. Akazima projekta, akapanga viti duara, akatuambia kila mtu amwage mkoba wake. Wangu ukatoa nakala za PF3, biskuti (mtoto akishakula ndipo anaongea), na ndala ya bluu ya mguu mmoja, saizi ya mtoto wa miaka minne. Mama akaiokota. "Hii ya nani, mwanangu?"

Kesi ile niliifunga Machi. Nikashindwa kujibu. Hakunibana, akaenda kwa wengine na ndala yangu mkononi, akarudi baada ya robo saa. Nikasema.

Alichotufundisha ni kidogo tu. Kesi ikifungwa, mweleze mwenzako wa kazi, dakika kumi, bila jina la mtoto, wala usimtwishe mumeo. Na mkoba wa kazi usilale chumbani. Mimi na yule wa Kilosa sasa tunapigiana kila Ijumaa jioni.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, zote za mama. Alipewa saa mbili tu, projekta ikapewa siku nzima. Wakuu wetu hawakualikwa, na gari lisilo na mafuta halitibiwi kwa viti vya duara. Wakirudi, wamlete mama tangu asubuhi, wawaketishe wakuu nao wamwage mikoba yao, na chai iwe ya saa nne.