Kibanda cha fotokopi kilichonivusha Kemia
Mwaka jana nilirudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, bila shule, bila mwalimu. Kilichonibeba ni kibanda cha fotokopi kando ya kituo cha daladala mtaani kwetu. Dada wa pale ana mitihani iliyopita ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya miaka 10, kaipanga kwa somo. Unachagua, anakutolea kopi, shilingi 100 kwa ukurasa. Kemia ndiyo iliyonifaa zaidi: maswali ya moli (kipimo cha kiasi cha dutu) yanajirudia mpaka unayaota. Ila majibu yake msinunue! Ya Fizikia yalijaa makosa, nikabishana nayo wiki nzima nikidhani mjinga ni mimi. Na umeme ukikatika jioni, rudi kesho.