Debian inayoongea: nyota tano, ukibahatika kuisikia

Sina ugomvi na kisakinishi chenye sauti cha Debian, mfumo huru wa kompyuta wa Linux, kinachotusomea sisi tusioona hatua za kuuweka. Ugomvi wangu ni na kile kimya kinachokitangulia. Unachomeka flashi yenye kisakinishi, unawasha laptopu, unatega sikio. Hakuna kitu. Imekwama? Imewaka Windows ya zamani na kuipita flashi? Inasubiri ubonyeze? Au imeshaanza kuongea kwa spika isiyokuwepo? Yote manne yanasikika sawasawa, yaani hayasikiki.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Menyu ya kwanza ikifunguka inapiga mlio, mmoja kwa mashine za BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) ya kizamani, miwili kwa UEFI iliyochukua nafasi yake. Ukiusikia unabonyeza s, kisha Enter, unasubiri kidogo na sauti ya eSpeak, programu ya kutamka maandishi, inaanza kukusomea. Kwenye BIOS hata ukikaa sekunde 30 bila kugusa kitu, sauti inajianzisha. Sasa shida ni huo mlio. Hautoki kwenye spika unazosikilizia muziki. Unategemea kile kispika cha ubao mama, na laptopu nyingi za siku hizi hazinacho. Alama pekee tuliyowekewa sisi tusioona imefungwa kwenye kifaa ambacho watengenezaji walishakinyofoa zamani! Basi bonyeza s na Enter kwa kukisia: subiri kama sekunde kumi na tano baada ya kuwasha, bonyeza, kaa dakika nzima bila kugusa kitu. Ukigusa hovyo unaweza kuangukia kisakinishi cha kawaida, kile cha watu wa macho, na hutajua.

Hapo nimechukulia flashi imesomeka. Kuifikia ni balaa jingine, maana menyu ya UEFI ya kuchagua kifaa cha kuwakia ni bubu kwenye karibu kila mashine. Nyingine inataka F12, nyingine F9, nyingine Esc, na ukishaingia hujui uko mstari wa ngapi. Nilimwomba fundi wa duka fulani kitu kimoja tu, anitajie flashi iko nafasi ya ngapi kwenye orodha ile nikariri mishale. Jibu lake: "Kaka, njoo na mtu anayeona, tukupigie Windows dakika ishirini umalizane." Sikuomba kupigiwa Windows. Niliomba namba!

Kwa faida ya mwingine: kama laptopu ina Windows inayowaka kwa UEFI, achana na F12. Fungua dirisha la amri ukiwa na NVDA (programu ya kusoma kioo), andika shutdown /r /o /t 0 kisha Enter. Itazima na kuwakia kwenye menyu ya marekebisho. Bonyeza Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja, Narrator, msomaji wa kioo wa Windows yenyewe, ataanza kusoma. Chagua "Use a device", tafuta jina la flashi, Enter. Hakuna kukariri mishale wala kumbembeleza mtu. Kama Windows imekufa kabisa, inabaki kamera ya simu na programu ya kusoma maandishi, ukiielekezea kioo huku mkono wa pili uko kwenye kibodi. Inawezekana, lakini inachosha.

Turudi kwenye kimya, maana kina sababu ya pili na hii ndiyo inayonichoma zaidi. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni hazitoi sauti mpaka zipakiwe fimwea (programu ndogo ya kuendesha kifaa) iitwayo SOF. Kwenye Debian 11 fimwea hiyo ilihesabiwa si huru, kwa hiyo faili rasmi la kusakinishia halikuwa nayo. Lilikuwepo faili lisilo rasmi, limewekwa kichochoroni, ulipate kama unajua pa kutafuta. Nafahamu hoja ya uhuru wa programu na naiheshimu. Lakini anayeona akikosa fimwea ya Wi-Fi anasoma onyo kwenye kioo, anaenda kuitafuta. Asiyeona akikosa fimwea ya sauti, hilo onyo anasomewa na nani? Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ikaja na fimwea hizo ndani ya faili rasmi. Wamerekebisha, sawa. Kwa hiyo usishike flashi ya zamani uliyoachiwa na rafiki. Pakua toleo la 12 au la baadaye.

Na hata hivyo, nunua kile kidude cha USB cha kuchomekea hedifoni. Kile cha kawaida kinafuata kanuni ya jumla ya sauti za USB, hakihitaji fimwea yoyote. Kichomeke kabla ya kuwasha. Ikiwa mashine ina kadi zaidi ya moja, kisakinishi kinasema kwenye kila kadi kwa zamu, kikikutaka ubonyeze Enter ukikisikia. Usiwe na pupa. Kama kuna televisheni kwenye HDMI, zamu ya kwanza inaweza kwenda huko, na Enter ya haraka ndiyo imeshahamishia sauti yote kwenye televisheni iliyozimwa.

Ikishaanza kuongea, hasira yangu inakosa pa kukaa. Kusema kweli sijatumia kisakinishi kilichonyooka kuliko hiki. Hakuna panya, hakuna vitufe visivyo na majina. Kila swali ni orodha yenye namba: andika namba, Enter. Alama ya < inakurudisha nyuma. Mstari ukikupita, Caps Lock pamoja na i inausoma tena, u ni wa nyuma yake, o ni wa mbele. Nenosiri la root, msimamizi mkuu wa mfumo, liache tupu, mtumiaji wako atapewa sudo, yaani ruhusa za msimamizi. Sauti inaanza kwa Kiingereza cha roboti aliyebanwa pua, masikio yatazoea.

Sehemu ya diski ndiyo ya kusikiliza kwa makini. Flashi yako nayo inaweza kutajwa humo, mara nyingi kama sda, wakati diski ya ndani ya laptopu mpya inaitwa nvme0n1. Usichague kwa jina, chagua kwa ukubwa. Swali la mwisho kabla ya kuandika kwenye diski lina jibu la kawaida "No". Ukibonyeza Enter tu kwa mazoea unarudishwa kwenye menyu ya patisheni (migawanyo ya diski), unazunguka na kuzunguka ukidhani imeharibika. Andika 1 kwanza.

Narrator ndani ya kisakinishi cha Windows naye anaamshwa kwa vitufe vilevile vitatu, ila kadi ya sauti isipotambuliwa hapo anakuwa bubu vilevile, halafu baadaye unaanza kudaiwa akaunti na intaneti. Hapo Debian inashinda bila jasho. Nyota tano. Nilikuwa nimeshaamua.

Halafu nikachagua usimbaji wa diski nzima, yaani kuifunga kwa nenosiri. Shetani gani alinituma? Usakinishaji ulikwenda vizuri mpaka mwisho, nikaambiwa nichomoe flashi, mashine ikajiwasha upya, na kimya kikarudi. Nenosiri la diski linaulizwa kabla mfumo haujafunguliwa, na sauti inaishi humo humo ndani ya mfumo uliofungwa. Mwenye macho anaona swali, anajibu. Mimi nikitaka kulinda faili zangu kama yeye, kila asubuhi napewa mtihani wa kubahatisha. Nyota tatu. Hapana, nne, kwa sababu usipochagua usimbaji haikuhusu. Lakini kwa nini nisichague?

Dawa ya muda ni kutumia nenosiri refu la herufi ndogo na tarakimu tu, lisilobadilika hata mpangilio wa kibodi ukigeuka kati ya Uingereza na Marekani, na kuwa na muda wa kusubiri usiobadilika. GRUB, menyu ya kuwashia Debian, peke yake inakaa sekunde 5. Mimi nahesabu hadi ishirini, naandika, nabonyeza Enter, natega sikio. Sauti isipokuja baada ya dakika, nazima kwa kitufe na kuanza kuhesabu upya.