Kokoto zinakula rangi ya chini ya gari: ununue nini kwanza

Wakuu, kama una gari nyeupe siku moja ioshe mwenyewe, usiwaachie vijana. Chuchumaa nyuma ya tairi la mbele alafu pitisha kidole pale chini ya mlango, utakuta vidoti vidoti, vingine vishaanza kuwa na rangi ya chai. Hizo ni kokoto. Lori la mbele linakuharibia bampa na kioo, lakini za ubavuni karibu zote unajirushia mwenyewe na tairi zako, hasa wakishamwaga zile kokoto juu ya lami mpya au ukitolewa kwenye daivesheni ya vumbi.

Kwahiyo namba moja, bila ubishi, ni madiflapu, zile raba za nyuma ya tairi. Ndio kitu cha bei rahisi kuliko vyote humu na magari mengi ya Japani yanashuka bandarini hayana. Pale Gerezani Kariakoo muuzaji atakutolea aina mbili, ya plastiki ngumu iliyokatwa kwa modeli ya gari lako na ya raba laini ya kila gari. Ya plastiki inapendeza ila siku unarudi rivasi ukagusa ukingo wa barabara inakatika paa, mimi nshavunja mbili. Ikunje kwa mkono hapo hapo dukani, ikirudi yenyewe bila kuacha alama nyeupe, chukua. Ipime na upana wa tairi pia, maana wale wenzangu wa rimu za kutokeza nje mnanunua pambo tu, kokoto zinapita pembeni. Fundi atumie matundu ya skrubu yaliyopo, akitaka kutoboa bati mwambie aache. Na kila ukiosha gari pitisha maji nyuma yake, tope likiganda pale linasugua rangi kama msasa.

Namba mbili ni anda koti ya kuzuia mawe, yaani utando mzito unaopulizwa kwenye bati la chini ya gari, ila hapa ndipo watu wanapigwa. Zipo mbili na makopo yanafanana. Ile nyeusi ya lami ni ya uvunguni tu, ukiipaka rangi juu haishiki vizuri. Unayotaka wewe ni ile inayokauka na vipele vipele kama ganda la chungwa na inakubali rangi ya gari juu yake, muulize muuzaji "inapakwa rangi juu?" na akisitasita nenda duka la pili. Inapigwa kwa bunduki yake na kompresa, kuanzia chini ya milango kwenda juu kama kiganja kimoja basi. Kutu itolewe kwanza, ukifunika kutu unailea, na sisi wa pwani chumvi ya hewani inamalizia kazi.

Mimi fundi mmoja alinipigia vizuri kabisa, inang'aa, nikalipa nikaondoka. Masika yalipoingia kila nikifunga breki nasikia chwaaa chini ya miguu, nikajua tenki, kumbe jamaa aliziba vile vitobo vya kutolea maji chini ya milango na lile boksi la bati chini ya milango lote limejaa maji ya mvua! Nilizibua na kijiti cha mshikaki, maji yakatoka ya rangi ya kahawia. Kwahiyo kabla hajaanza lala chini, mwoneshe vitobo, avizibe kwa tepu kisha aitoe.

Namba tatu ni PPF, ile filamu angavu ya kubandika juu ya rangi. Kwa kuzuia jiwe ni nzuri kuliko anda koti na haibadilishi sura ya gari, nimeishusha kwa sababu ya bei tu. Lakini nani kasema ufunike gari zima? Roli kwa kawaida ina upana wa mita 1.52, ukikatiwa nusu mita unapata vipande vitatu virefu vyenye upana wa sentimita 16 hivi, unavigawa vinatosha nyuma ya tairi za mbele na mbele ya tairi za nyuma. Hakikisha ni TPU, plastiki inayovutika kama raba, yenye unene wa maikroni 150 mpaka 200 (maikroni elfu moja ndio milimita moja). Ya PVC, plastiki ya bei rahisi, inageuka njano. Ivute kidogo, TPU inarudi, alafu ikwaruze kwa kucha umwagie maji ya moto, mkwaruzo ukifutika umepata yenyewe. Ila kama gari limetoka kupigwa rangi juzi subiri wiki kadhaa kwanza, na rangi ya bei chee inaweza kubanduka na filamu siku ya kuitoa.

Stika ya vinili, zile za kubadilisha rangi ya gari, ni nyembamba karibu nusu ya PPF, inasaidia mikwaruzo ya vichaka tu.

Seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi ikakauka, naiweka mwisho kabisa na najua kuna watu watanuna. Inang'arisha, tope linateleza, kuosha kunakuwa raha, sawa, lakini ni utando wa maikroni chache mno, jiwe la spidi ya 80 haliuoni. Akikuuzia kwa maneno ya "mawe hayagusi tena" mwambie akatupie gari lake kokoto moja muone wote wawili.